Kabla hujachora leveli, pima mruko

Wasee, wacha nianze na aibu yangu, ndio mjue siandiki haya nikiwa nimekaa juu ya mlima nikiwatazama.

Mwaka jana nilipeleka gemu yangu kwenye maonyesho madogo ya vijana hapa Nairobi. Ni gemu ya kurukaruka, zile za ukoo wa Mario. Kijana anakimbia juu ya mapaa ya mabati, anaruka kutoka kibanda hadi kibanda, anadandia matatu, anashuka na waya wa stima kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa stima ni nini. Nilikuwa na leveli 12 na nilizipenda zote. Usiku wa kuamkia maonyesho, rafiki yangu akaijaribu kwa simu, akacheka, akaniambia, "Buda, jamaa wako anaelea kama karatasi ya nailoni." Na vile mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, nilijua nimetusiwa mara mbili.

Lakini alikuwa amesema ukweli. Jamaa alikuwa anaelea. Basi nikaingia kwenye kodi (ya programu, ile ya nyumba ilikuwa inanidai kivyake) nikaongeza uvutano mara mbili. Uvutano ni ile graviti ya kidato cha tatu, msijifanye hamkumbuki. Nikaona sasa hafiki kwenye mabati, nikamwongezea nguvu ya kuruka mpaka urefu ukarudi vile ulikuwa. Nikajaribu leveli 3 za kwanza. Anaruka, anatua kwa kishindo, tamu kabisa. Nikalala.

Kesho yake akaja msichana wa kama miaka 10 na kaka yake. Akacheza vizuri kuniliko mimi, mpaka leveli ya 7. Hapo kulikuwa na pengo kati ya paa mbili. Akaruka, akaanguka. Akarudia. Nilihesabu mara 9. Halafu akaweka simu mezani polepole, kwa adabu, akaniambia, "Anko, hii haiwezekani." Nikachukua simu nimwonyeshe vile inafanywa. Nikaanguka. Nikajaribu tena, nikaanguka tena, na kaka yake sasa anacheka waziwazi.

Mtoto alikuwa sahihi. Lile pengo halikuwa linarukika na binadamu yeyote, na aliyelifanya hivyo ni mimi, saa saba ya usiku, bila kuligusa.

Hesabu yake nitawapa, lakini kwanza niwaambie nilikoenda kutafuta jibu. Sikuenda kwa video za mafunzo. Nilirudi kwa gemu za zamani, zile ambazo wengi wetu tulizikuta kwenye ile gemu ya TV ya kaseti za njano, pedi ina waya mfupi mpaka unakaa karibu na skrini mama anakugombeza macho. Nilizicheza tena nikiwa na rula na daftari. Na nilichoona ni kwamba karibu miaka 45 ya historia ya gemu hizi inaweza kusomwa kama historia ya swali moja: mtu akiruka, anarudi chini namna gani? Kila aliyejibu swali hilo tofauti alilazimika kuchora leveli tofauti. Mimi nilikuwa nimechora leveli kwa jibu moja halafu nikabadilisha jibu.

Mwanzoni hata kuruka hakukuwepo. Mwaka 1980 kampuni ya Universal ya Japani ilitoa Space Panic: ngazi, sakafu kadhaa, na mtu anayechimba mashimo ili maadui watumbukie. Kupanda kupo, kuanguka kupo, kuruka hakuna. Miaka 3 baadaye Lode Runner ya Douglas E. Smith ilitumia wazo la karibu na hilo, na mhusika wake anaanguka kwa mwendo uleule kutoka juu mpaka chini, kama lifti. Hata aanguke kutoka ghorofa gani, haumii. Ukifikiria vizuri, hiyo sheria ndiyo inaipa gemu yote akili yake. Kwa sababu kuanguka hakuui, kuanguka kunakuwa njia. Unachimba shimo, unashuka, na sasa swali ni kama utaweza kurudi juu. Leveli zake 150 ni mafumbo ya watu wanaoshuka mahali ambapo hawawezi kupanda. Leta mruko hapo ndani, mruko mmoja tu, na karibu zote zinavunjika.

Kati ya hizo mbili, 1981, ndipo ikaja Donkey Kong. Nintendo walikuwa na takriban mashine 2,000 za gemu nyingine, Radar Scope, zimekaa Marekani bila mnunuzi, na kijana mmoja msanii, Shigeru Miyamoto, akapewa kazi ya kubuni kitu cha kuziokoa. Sokwe anarusha mapipa, mapipa yanateremka kwenye vyuma vilivyoinama, na wewe uko chini unapanda. Pipa linakuja. Utafanya nini? Utaliruka, si ndio? Huyo mhusika, ambaye baadaye tulimjua kama Mario, jina lake la kwanza kwenye maelezo ya mashine lilikuwa Jumpman, yaani Bwana Mruko. Kazi yake ndiyo jina lake.

Sasa angalieni uvutano wa Donkey Kong. Mruko wake ni mmoja tu. Ukishabonyeza, safari yote imeamuliwa, huwezi kugeuka hewani. Na akianguka kutoka mahali palipozidi kimo chake kidogo tu, anakufa. Stelingi wa gemu nzima anauawa na kimo cha meza! Lakini nendeni mkaangalie leveli ya lifti, ile ya mita 75. Lifti zinapanda upande mmoja na kushuka mwingine, na kila sekunde umbali kati ya miguu yako na sakafu unabadilika. Kama kuanguka kusingekuwa na adhabu, leveli hiyo ingekuwa matembezi ya Uhuru Park. Kwa sababu kuna adhabu, unasimama hapo unahesabu kama mtu anayengoja kuvuka Thika Road bila daraja.

Hapa nitoke nje ya gemu kidogo. Uvutano tunaousoma shuleni ulipata hesabu yake kwa Galileo, mzee aliyeviringisha mipira kwenye ubao ulioinama ili mwendo wa kuanguka upungue kiasi cha kupimika. Aligundua kwamba kitu kinachoanguka hakiendi sawasawa. Ukigawa muda katika vipande vinavyolingana, cha kwanza kinakwenda kipimo 1, cha pili 3, cha tatu 5, cha nne 7. Kitabu chake kilichapishwa 1638 huko Leiden, Uholanzi, wakati yeye mwenyewe amefungiwa nyumbani Italia kwa amri ya kanisa. Humo ndimo alimoonyesha pia kwamba kitu kinachorushwa kinachora upinde fulani maalum, ule ule ambao unaona jiwe likichora ukitupia embe. Mipira ikiteremka kwenye ubao, mapipa yakiteremka kwenye vyuma. Sisemi Miyamoto alikuwa anamfikiria Galileo. Nasema tu napenda hiyo picha.

Ubaya wake ni kwamba tukishajua hivyo, tunadhani uvutano wa gemu ukiwa wa kweli ndio utakuwa mzuri. Mimi nilidhani hivyo. Godot, injini ya bure ninayotumia, inakuja na uvutano wa 980, na ukiangalia hiyo namba unaona inatoka wapi: 9.8 ya shuleni, mara 100. Nikasema hiyo ni sayansi, siguswi. Nikasahau kwamba hata mtihani wa fizikia ulituambia tuchukue 10 ili tusisumbuke. Na nikasahau jambo kubwa zaidi, kwamba hakuna binadamu anayeruka mara mbili ya kimo chake. Ukishamruhusu mhusika kufanya hivyo umeshaacha ukweli stejini. Mtu akiruka juu hivyo kwa uvutano wa kweli anakaa hewani muda mrefu sana, na macho yetu, ambayo hayajawahi kuona kitu kama hicho, yanasema anaelea. Karatasi ya nailoni.

Aliyelitatua hilo vizuri, na mapema, ni wale watu wa Super Mario Bros., Septemba 1985. Miyamoto tena, safari hii na Takashi Tezuka, na leveli zao zikichorwa kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Gemu nzima ni kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa na shangazi asubuhi kwenye WhatsApp, ile ya maua na salamu, huenda inaizidi.

Ndani ya hizo kilobaiti kuna ujanja ambao nilicheza utoto mzima bila kuuona. Mario ana uvutano zaidi ya mmoja. Akiwa anapanda na wewe umeshikilia kitufe, uvutano ni mdogo. Ukiachilia kitufe, au akianza kushuka, uvutano unapanda zaidi ya mara 3. Ndio maana ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anaruka sana. Ndio maana pia anapanda kwa raha na kushuka kwa haraka. Galileo angemfukuza darasani. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba Mario hafuati fizikia. Watoto tulikuwa tunainua pedi juu tukiruka, kana kwamba mikono yetu inamsaidia. Mwili ulikuwa umeshaamini.

Na juu ya hilo, ukikimbia unaruka juu zaidi kuliko ukiwa umesimama. Kwa hivyo mwendo wa miguu unabadilisha urefu wa mruko, na mchoraji wa leveli ana vipimo kadhaa vya kuchezea: mruko wa kusimama, mruko wa kukimbia, mruko mfupi, mruko mrefu.

Fungueni sasa leveli ya kwanza kabisa, 1-1, lakini msiicheze. Ipimeni. Bomba la kwanza la kijani lina kimo cha vigae 2. La pili, 3. La tatu, 4. Hujaambiwa chochote, hakuna maandishi, hakuna mzee wa kukuelekeza, lakini mwili wako umefundishwa kushikilia kitufe muda mrefu zaidi kila mara. Shimo la kwanza lina upana wa vigae 2. La pili, vigae 3. Halafu karibu na mwisho kuna kitu ambacho mimi nilikuwa nakiona kama mapambo: ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake sakafu ya kawaida. Ukikosea mruko hapo, unatua, unapanda tena, hakuna aliyekufa. Hatua chache mbele kuna ngazi mbili zingine kama hizo, ila katikati yake sasa kuna shimo. Miyamoto alieleza hili hadharani baadaye, kwamba pale pa kwanza ni pa kufanyia mazoezi. Ukifika penye kifo, mruko wenyewe umeshaujua.

Watu husifu 1-1 kama somo la kufundisha bila maneno, na ni kweli. Lakini ninachotaka mwone ni kwamba somo hilo haliwezi kuwepo kabla ya uvutano kukaa mahali pake. Bomba la vigae 4 lina maana kwa sababu tu mruko wa Mario unafika hapo. Ukiongeza uvutano kidogo, bomba hilo ni ukuta. Ukipunguza, si kitu, unalipita bila kuliona. Karatasi ya miraba ilikuja na rula, na rula ni mruko.

Mwaka uliofuata, 1986, kuna jambo lililotokea ambalo laiti ningefundishwa nikiwa naanza. Kwenye kifaa kilekile, Famicom yenye diski, zilitoka gemu mbili zikiwa zimeachana wiki chache tu: Metroid mwezi wa Agosti, Castlevania mwezi wa Septemba. Mashine moja, mwaka mmoja, na uvutano wa dunia mbili ambazo hazijuani.

Metroid, ya kikosi cha Gunpei Yokoi pale Nintendo, inamweka Samus kwenye sayari ya Zebes. Anaruka juu, anakaa hewani, anashuka taratibu, na unaweza kumwongoza njia yote. Ni ile ile hali ya kuelea ambayo rafiki yangu alinicheka nayo! Ila huko haichekeshi, kwa sababu leveli zimeijibu. Kuna mashimo marefu ya kupanda, skrini juu ya skrini, na vijukwaa vidogo kushoto na kulia. Kwa uvutano mzito, kupanda shimo hilo ingekuwa adhabu. Kwa uvutano wake mwepesi, unapanda ukiwa mpweke kwenye sayari ngeni na una muda wa kuhisi upweke huo.

Castlevania ya Konami ni kinyume chake. Simon Belmont anaruka upinde mmoja usiobadilika, kama Jumpman. Akitembea akapita ukingo bila kuruka, anadondoka wima kama gunia la saruji. Akipigwa, anarushwa nyuma. Watu wengi leo wakiicheza wanasema imezeeka, mwendo wake mbovu. Mimi nasema hawajaangalia leveli. Kwa sababu upinde ni mmoja, mchoraji alijua, nusu sekunde kabla, mwili wako utakuwa wapi hasa. Akaweka kile kichwa cha Medusa, kinachopaa kwa mawimbi, kipite pale pale. Akaweka popo ukingoni, kwa sababu ukirushwa nyuma, nyuma kuna shimo. Kila mruko unakuwa uamuzi ambao huwezi kuuomba urudi, na ngome ya Dracula ndivyo inavyopaswa kuwa. Mpe Simon uvutano wa Samus na una ziara ya makumbusho.

Nilikaa na hizo mbili wiki nzima. Zilinifundisha kwamba swali langu la ule usiku, "anaelea au haelei," lilikuwa swali la nusu. Kuelea si kosa. Kuelea kwenye leveli zilizochorwa kwa ajili ya mtu wa haraka ndiyo kosa, na mwendo wa haraka kwenye leveli za mtu wa kuelea pia ni kosa. Hilo la pili ndilo langu.

Nitaruka miaka mingi hapa, maana miaka ya tisini ingehitaji chapisho lake. Mwaka 2007 Nintendo walitoa Super Mario Galaxy, wakamweka Mario juu ya visayari vidogo ambapo chini ni kila upande unaoelekea katikati ya sayari. Ni nzuri, ichezeni. Lakini moyo wangu uko kwa gemu ndogo ya mtu karibu peke yake, VVVVVV ya Terry Cavanagh, Januari 2010.

Humo hakuna kuruka. Miaka 30 baada ya Space Panic tumerudi pale pale! Kitufe kinafanya kitu kimoja: kinageuza uvutano. Unaanguka kwenda darini. Ukifika, ukibonyeza tena, unaanguka kwenda sakafuni. Na unaweza kugeuza tu ukiwa umesimama juu ya kitu, hewani huwezi. Ni hayo tu.

Kuna mahali humo ndani, kwa waliocheza hamjasahau, ambapo kati yako na zawadi pana kijitofali kimoja kinachofika magotini. Kigae kimoja. Mario angekivuka akipiga miayo. Lakini wewe huwezi kuruka. Kwa hivyo unageuza uvutano, unaanguka kwenda juu, unapita skrini baada ya skrini zilizojaa miiba kushoto na kulia, unafika kileleni, uvutano unageuka, unaanguka njia yote kurudi chini kupitia miiba ileile, ili utue upande wa pili wa kigae kimoja. Nilikufa hapo mara zisizohesabika, nikacheka karibu zote. Cavanagh hakubuni kikwazo kigumu. Alichukua kikwazo rahisi kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa kwenye gemu hizi na akakiacha kikutane na uvutano wake. Leveli ikajichora.

Halafu 2018 ikaja Celeste ya Maddy Thorson na Noel Berry, iliyoanza kama gemu ndogo waliyoitengeneza kwa siku 4. Msichana anapanda mlima. Inajulikana kwa ugumu, na ni ngumu kweli, lakini mkiangalia ndani yake mtashangaa jinsi uvutano wake ulivyo na huruma. Ukishikilia kitufe, pale kileleni mwa mruko uvutano unakuwa nusu, kwa kitambo kidogo, ili upate nafasi ya kuchagua utatua wapi. Ukishapita ukingo bila kuruka, bado una sehemu ya kumi ya sekunde ya kubonyeza na gemu inakubali kana kwamba ulikuwa bado umesimama. Watengenezaji huiita hiyo muda wa Coyote, kwa sababu ya yule mbwa mwitu wa katuni anayekimbia hewani mpaka akumbuke kutazama chini. Thorson mwenyewe ameeleza mambo haya waziwazi. Na angalieni: kwa sababu uvutano unasamehe, leveli zinaweza kuwa na ukatili. Wamejaza miiba mahali ambapo Castlevania isingethubutu.

Sasa hesabu ya leveli yangu ya 7, niliyowaahidi.

Mwanzo nilitumia namba nilizozikuta: uvutano 980, nguvu ya kuruka 400, mwendo wa mbele pikseli 300 kwa sekunde. Hiyo inampandisha jamaa pikseli kama 82 na kumweka hewani sekunde 0.82. Sekunde 0.82 mara 300 ni pikseli 245. Pengo la leveli ya 7 lilikuwa vigae 7 vya pikseli 32, yaani 224. Anavuka, anabakisha 21. Safi.

Ule usiku nikafanya uvutano 1960. Ili urefu ubaki 82, nguvu ya kuruka ikabidi iwe kama 566. Macho yangu yakaona urefu uleule, mabati yaleyale yanafikika, nikaridhika. Lakini muda wa hewani ulikuwa umeshuka mpaka sekunde 0.58. Mara 300, pikseli 173. Hata ukimwongezea ule upana wa mwili wake unaoning'inia ukingoni, pikseli 24, anafika 197. Pengo linadai 224. Nilikuwa nimehifadhi urefu na kuiba umbali, na leveli 3 nilizojaribu zote zilikuwa za kupanda.

Kuna mhandisi wa gemu, Kyle Pittman, aliyetoa mhadhara 2016 kwenye mkutano wa watengenezaji gemu kule San Francisco, na wazo lake limeniokoa. Usianze na uvutano. Anza na mruko unaoutaka: urefu gani, na muda gani kufika kileleni. Halafu uvutano unatafutwa: urefu mara 2, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Nguvu ya kuruka ni urefu mara 2, gawanya kwa muda. Ni fizikia ileile ya kidato cha tatu, ila imegeuzwa kichwa chini, uvutano umekuwa jibu badala ya swali. Mwalimu wangu akisoma hapa ajue nimeelewa hatimaye.

Kwa hivyo nilifanya hivi. Nikafungua leveli tupu, sakafu na mistari kila baada ya pikseli 32, kama karatasi ya miraba ya Miyamoto. Nikaamua: urefu 80, kileleni kwa sekunde 0.36. Uvutano wa kupanda ukatoka kama 1235. Wa kushuka nikauweka mara 2 ya huo, shule ya Mario, ingawa sikuthubutu kufika mara 3. Jumla hewani karibu sekunde 0.61, umbali kama pikseli 184. Nikaandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza: vigae 5 ni pengo gumu, 4 ni la kawaida, 3 ni la kufundishia, 6 ni marufuku. Nikaongeza muda wa Coyote. Halafu nikafuta leveli zote 12. Iliniuma, sitadanganya. Mbili nilizilia.

Sasa ziko 8. Ile ya 7, pengo lake ni vigae 5, na kabla yake nimeweka pengo lingine la vigae 5 ambalo chini yake kuna turubai ya kibanda cha mama mboga. Ukikosa hapo unadunda, nyanya zinamwagika, unapanda tena.

Kaka ya yule msichana alikuwa amechukua namba yangu siku ile, nadhani ili aendelee kunicheka. Mwezi uliopita nikamtumia gemu mpya. Dada yake akafika ya 7, akaanguka kwenye turubai, akapanda, akaanguka kwenye pengo la kweli mara 3. Kaka akanirekodia sauti yake na kunitumia. Hapo nyuma anasikika akisema, "Ngoja, ngoja, nimeachilia mapema," na simu haitaki kuirudisha.